Greyhawk, Karameikos au Faerûn? Kuchagua ulimwengu wa kampeni ya fantasia ya jadi

Anayeanza kampeni (hadithi ndefu inayochezwa kwa vikao vingi) ya mchezo wa kuigiza wa mezani kama Dungeons & Dragons, yaani D&D, hupenda kuuliza ni ulimwengu upi wenye historia ndefu, miungu mingi na ramani kubwa. Hivyo vyote huuza vitabu, lakini haviendeshi kikao. Kikao huendeshwa na majibu ya maswali matano: wageni watalala wapi, nani anatawala hapa, nani anamchukia mtawala huyo, ni hatari gani iliyo umbali wa mwendo wa siku moja, na msafiri ana sababu gani ya kupita njia hii. Chukua kitabu cha ulimwengu wowote, fungua eneo lolote, soma kurasa mbili. Ukipata majibu manne au matano, kitabu kimefanya kazi yake. Ukipata mawili, mwandishi amekuachia wewe kazi yake.

Kwa kipimo hicho tunayapima malimwengu ya jadi pekee: yale ya waelfi na wadwafi, magofu msituni, majoka, falme zinazogombana, na uovu wa kale uliolala mahali ukisubiri kuamshwa. Eberron ya mwaka 2004, yenye treni za nguvu za radi na wapelelezi wa mijini, ni kazi safi, ila haimo katika kundi hili.

Greyhawk ya 1983

Gary Gygax aliutoa ulimwengu huu mwaka 1980 kama kijitabu cha kurasa 32 na ramani mbili kubwa zilizochorwa na msanii Darlene; kwa uzuri, ramani hizo bado hazijapata mpinzani. Mwaka 1983 TSR, kampuni iliyochapisha D&D wakati huo, ikautoa upya katika kisanduku chenye vitabu viwili na ramani hizo hizo, na hicho ndicho cha kutafuta. Kila nchi imepewa aya chache: mtawala, mji mkuu, idadi ya watu, jamii nyingine zinazoishi humo, mali asili, kisha historia kwa ufupi. Furyondy, ufalme wa mashujaa wapanda farasi, unatazamana na ardhi za Iuz, nusu-mungu katili wa kaskazini. Mashariki, Ufalme Mkuu unaoza chini ya mfalme mwenye wazimu. Saa imesimamishwa mwaka 576 wa kalenda yao: kibiriti kimeshikwa mkononi lakini hakijawashwa, na atakayekiwasha ni wachezaji wako.

Hata hivyo kisanduku hiki kinaanguka katika maswali mawili kati ya matano. Hakisemi mgeni atalala wapi, wala nini kinamvizia umbali wa siku moja. Pengo hilo huzibwa na Hommlet, kijiji kilichochapishwa mwaka 1979 kama kisa cha kujitegemea, yaani mkasa ulioandaliwa tayari kuchezwa, kwa ajili ya wahusika wanaoanza. Humo kuna nyumba ya wageni, kinu, kanisa, duka la wafanyabiashara wasioaminika, na nje ya kijiji ngome chakavu iliyozungukwa na bwawa, yenye mabaki ya waabudu wa uovu chini yake. Kasoro yake inachekesha: wanakijiji wengi wameandikiwa hadi mahali walipoficha akiba zao. Kundi lenye tamaa likishagundua hilo, kumwibia mkulima kutaonekana biashara nzuri kuliko kuingia ngomeni. Zifute hazina hizo kabla ya kikao cha kwanza, au zigawe: mwenye nyumba ya wageni abaki na zake, wengine wawe na madeni, kwa kuwa deni humfanya mwanakijiji awe na jambo la kuwaomba wahusika.

Tatizo zito zaidi halionekani mpaka watu waanze kutembea. Ramani imegawanywa kwa pembesita, kila moja ina upana wa maili 30, yaani karibu kilomita 48. Katika toleo la tano la D&D la mwaka 2014, kundi linalokwenda mwendo wa kawaida hufika maili 24 kwa siku, na hubaki nusu ya hapo kwenye msitu mzito au matope. Kwa hiyo siku nzima ya barabarani haimalizi pembesita moja, na msituni pembesita hiyo hiyo hula siku mbili na nusu. Pembesita moja ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, na kitabu hakisemi lolote kuhusu kilichomo. Mwendesha mchezo aliyezoea kuitegemea ramani hujikuta akisema "mnatembea, mnatembea, mmefika", na safari, ambayo ni nusu ya utamu wa fantasia ya jadi, inayeyuka.

Dawa si kujaza ramani yote. Chagua pembesita moja, ichore upya kwenye karatasi yake kwa kipimo cha maili 6, upate vipande vitano kwa upana. Weka humo kijiji, kivuko, magofu mawili, mnara wa mtu asiyependa wageni na njia ya waoki wanaoshuka kila mavuno. Vipande vingine viache vitupu, vipe jina la mandhari tu. Kazi hiyo ni ya jioni moja na italisha kampeni kwa miezi.

Ukikutana na kisanduku cha mwaka 1992, fahamu kwamba ni Greyhawk baada ya vita kuu. Falme nyingi zimeanguka na hali ni ya majivu na visasi. Kina mambo mazuri, lakini kibiriti kimeshawashwa na watu wengine. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa D&D wa mwaka 2024 umerudi kwenye mwaka 576 na umeweka Greyhawk kama mfano wake wa ulimwengu, pamoja na ramani ya kukunjua. Ni muhtasari tu, ila kwa anayetaka kuonja kabla ya kutafuta kisanduku cha zamani, unatosha.

Karameikos: nchi moja, imekamilika

Mystara, ulimwengu ambamo Karameikos imo, haikubuniwa kwa mkupuo mmoja. Ilikua vipande vipande ndani ya D&D ya msingi, ramani yake ya kwanza ikitoka na kisa cha mwaka 1981. Hazina yake ni mfululizo wa vitabu vya nchi moja moja ulioanza mwaka 1987, na kitabu cha kwanza, cha Karameikos, kilichoandikwa na Aaron Allston katika kurasa 64, ndicho tunachompa mtu anayeendesha kampeni kwa mara ya kwanza. Hatusiti katika hilo.

Sababu ni kwamba maswali matano yote yanajibiwa, na majibu yanagongana yenyewe kwa yenyewe. Watraladara ni wenyeji. Wathyatia ni wageni waliokuja na upanga. Majina, mila na kinyongo cha kila upande vimeelezwa. Mchezaji akishachagua mhusika wake ni wa upande gani, tayari ana ugomvi na mwenzake wa meza, tena ugomvi wa kuzungumzika. Mtawala, Duke Stefan, ni mtu mwema mwenye udhaifu mmoja: magharibi mwa nchi yake binamu yake, Baron Ludwig von Hendriks, anawatesa watu na kushirikiana na wafanyabiashara ya watumwa, naye Duke hataki kuyaamini yanayosemwa. Huo ni uti wa mgongo wa kampeni nzima. Kila siri ambayo wahusika wataifichua itawaletea swali la ushahidi: utamshawishi vipi mtu mwema asiyetaka kusikia ubaya wa ndugu yake? Swali kama hilo halitaki uandae mashimo mapya ya majoka kila wiki.

Na kipimo cha ramani kimekaa sawa. Pembesita ni maili 8, karibu kilomita 13, kwa hiyo mwendo wa siku barabarani ni pembesita tatu kamili. Kalamu inasogea, wachezaji wanaona wanakwenda. Ili kuijaza pembesita moja ya Greyhawk ungehitaji kama 14 za Karameikos. Mji wa Threshold, kaskazini chini ya milima, ndio pa kuanzia: mdogo kiasi cha kukumbukwa, na uko ukingoni mwa pori.

Udhaifu upo. Kitabu kiliandikwa kwa kanuni ambazo ndani yake mwelfi ni taaluma, si asili, kwa hiyo takwimu za wahusika wa mwendesha mchezo inabidi ziandikwe upya kwa kanuni unazotumia. Usizibadilishe zote mwanzoni. Duke hahitaji takwimu mpaka siku mtu atakapomchomolea upanga. Pia, ukitoka nje ya mipaka, ulimwengu unaanza kuchekesha: jangwa la wapanda ngamia linapakana na nchi za baridi za mabaharia wa kaskazini, na dola linalofanana na Roma liko mlango wa pili. Wasomaji wa jiografia watanung'unika. Bakisha kampeni ndani ya Karameikos kwa ngazi tano za mwanzo za ukuaji wa wahusika, na nung'uniko hilo halitapata nafasi.

Faerûn, na suala la mwaka

Hakuna ulimwengu wa mchezo huu ulioandikiwa vitabu vingi kama huu alioubuni Ed Greenwood na ambao TSR iliuchapisha mwaka 1987. Wingi huo ndio unaouuza, na ndio unaouangusha mezani.

Kosa linalojirudia ni kununua vitabu vya enzi tofauti na kuvichanganya. Kisanduku cha 1987 kimesimama mwaka 1357 wa kalenda ya huko. Kitabu kikubwa cha 2001, chenye kurasa 320, kimesimama 1372. Kile cha 2008 kiliruka hadi 1479, na katikati kikapitisha janga la kichawi la mwaka 1385 lililobadilisha nchi na kuua miungu. Vitabu vya toleo la tano, kuanzia 2015, viliyarudisha mengi yaliyofutwa. Mwendesha mchezo anayechukua ramani ya toleo moja, miungu ya jingine na wafalme wa la tatu huja kuumbuliwa na mchezaji aliyesoma riwaya. Hata masafa hayaaminiki: ramani ya 2001 ilibana bara, kwa hiyo safari iliyokuwa ya wiki kadhaa katika kisanduku cha kwanza inafupika bila maelezo.

Suluhisho ni tangazo moja kabla ya kuumba wahusika: "Tuko mwaka 1357. Lolote lililoandikwa kutokea baada ya hapo halijatokea, na huenda lisitokee." Sentensi hizo mbili humaliza mabishano yote, na humbadilisha mtaalamu wa mezani kutoka msahihishaji hadi msaidizi, kwa sababu anayoyajua ni ya zamani tu, kama mwanahistoria mwingine yeyote wa huko.

Tatizo la pili lina ndevu ndefu na linaishi Shadowdale. Elminster, pamoja na wachawi wengine wa uzito wake, huwafanya wachezaji waulize kwa haki kabisa kwa nini wao watumwe kupambana na uovu wakati yeye yupo. Wapo wanaomuua, hilo huwaudhi wapenzi wa ulimwengu huu na halisaidii. Bora kumweka mbali. Eneo la Dalelands, ambalo kisanduku cha 1987 kinalitendea haki kuliko mahali pengine popote, lina mabonde mengi madogo yanayojitawala kuzunguka msitu mkubwa wenye magofu ya mji wa waelfi. Daggerdale, linaloonewa na mawakala wa mji wa Zhentil Keep kutoka kaskazini, ni pazuri kuanzia: adui ana sura, wenyeji wamegawanyika kati ya wanaopinga na wanaokula naye, na mji wenye nguvu za kuwasaidia uko mbali. Mawakala hao ni wafanyabiashara, majasusi na makasisi kabla ya kuwa askari, kwa hiyo kundi la ngazi ya kwanza linaweza kuwapiga hatua kwa hatua bila kufa siku ya kwanza.

Wachezaji waliouingia ulimwengu huu kupitia mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3, wa mwaka 2023, watataka mji ule na enzi ile, yaani 1492. Hao usiwapeleke 1357. Wape vitabu vya toleo la tano, au vile viwili vya mwaka 2025, kimoja cha wachezaji na kimoja cha mwendesha mchezo. Kitabu cha 2015 cha eneo la Sword Coast kinafaa kwa kuumba wahusika, ila kwenye jaribio la kurasa mbili kinababaisha: miji inaelezwa kwa mtazamo wa msafiri, hatari zake zikiguswa juu juu.

Mengine, kwa ufupi

Dragonlance, iliyoanza 1984 chini ya Margaret Weis na Tracy Hickman, ni vita moja kubwa iliyovikwa ulimwengu. Kama ndiyo hadithi mnayoitaka, hakuna bora kuliko hii; kama hamuitaki, hakuna cha kufanya humo. Visa vya zamani viliandikwa sambamba na riwaya na huwaburuza wachezaji kwenye njia ya mashujaa waliokwishajulikana. Kitabu cha 2022, cha ngazi ya 1 hadi 11, kiliondoa shida hiyo kwa kuwaweka wahusika pembeni mwa hadithi ile. Jihadhari na mambo mawili. Kwanza ni kenda, watu wadogo wenye mikono myepesi: mchezaji mmoja anayewaibia wenzake "kwa sababu ndivyo walivyo" anaweza kuvunja kundi, kwa hiyo kubalianeni kwamba kenda haokoti cha mwenzake. Pili ni sarafu. Huko feleji imechukua nafasi ya dhahabu, sarafu kwa sarafu. Kwa kanuni za toleo la tano, sarafu 50 zina uzito wa ratili moja, na upanga mrefu wa ratili tatu huuzwa 15. Mchezaji mwenye akili atakokotoa kwamba upanga mmoja ukiyeyushwa unatoa sarafu 150. Mjibu mapema: thamani iko kwenye muhuri wa mji, na mwenye kughushi hukatwa mkono.

Golarion, ulimwengu wa mchezo wa Pathfinder wa kampuni ya Paizo, ina sifa ya visa virefu vilivyo tayari, na kwa mwendesha mchezo asiye na muda wa kuandika, hiyo inatosha kuichagua. Mwongozo wa 2019 una kurasa 136 na maeneo kumi, lakini si yote ya jadi: kuna nchi yenye mabaki ya chombo kilichoanguka kutoka angani, na nyingine yenye bunduki. Anzia Otari, mji mdogo wa bandari uliotumika kwenye kisanduku cha wanaoanza cha 2020, kisha kwenye kisa cha vitabu vitatu cha 2021 kinachokwenda hadi ngazi ya 10. Kalenda ni rahisi: ongeza 2700 kwenye mwaka wetu. Ubaya wa kalenda inayotembea ni kwamba ulimwengu hautulii. Marekebisho ya 2023 yaliondoa waelfi weusi wa chini ya ardhi na majoka ya zamani ya rangi, na mwaka 2024 mungu mmoja mkubwa akauawa. Vitabu vya kabla ya hapo visomwe kwa tahadhari.

Midgard ya Kobold Press, katika kitabu kikubwa cha 2018, inawafaa waliochoka na waelfi wa kawaida. Ina ngano za misitu ya Ulaya Mashariki, na miungu inayovaa vinyago tofauti kila nchi, jambo linalomruhusu mwendesha mchezo kukosea dini bila kugundulika. Uzito wake ni uzito wa kitabu chenyewe.

Karatasi moja, kisha anza

Wapo wanaolinganisha malimwengu mwaka mzima bila kurusha dadu hata mara moja. Mchagua jembe si mkulima. Ukishachagua kona yako, andika ukurasa mmoja wa wachezaji, maneno 300 hivi, kwa lugha mtakayoizungumza mezani, kwa kuwa vitabu vyote hivi ni vya Kiingereza na si kila mchezaji atavisoma. Ukurasa huo uwe na mwaka, mji wa kuanzia, jamii zinazoruhusiwa, miungu sita hadi minane pekee, na tetesi tatu, mojawapo ya uongo. Usiweke historia ya dola za kale, anayeitaka ataiuliza. Waombe wasiisome mitandaoni habari ya eneo lenyewe mpaka kampeni iishe, kwa sababu kurasa za wapenzi hutaja siri za visa ndani ya aya ya kwanza.

Vitabu vya zamani vya TSR huuzwa kama PDF kwenye tovuti ya DMs Guild, na baadhi huchapishwa kwa oda. Kabla ya kulipia nakala ya karatasi, soma maelezo ya ramani: mara nyingi ramani kubwa ya kisandukuni hukatwa vipande vya ukubwa wa ukurasa na kuunganishwa mwishoni mwa kitabu, na pembesita za pembeni humezwa na mshono. PDF ya Karameikos au Greyhawk ni salama zaidi. Toa ramani peke yake, ichapishe A3 kwa vipande, acha pambizo ya sentimita moja ya kugundishia, na kabla hujaibandika pima pembesita kwa rula pande zote mbili, kwani mashine nyingi hupunguza ukubwa zenyewe usipochagua asilimia 100.